Msumari wa Chumbani kwa Kambo

Kama umeme umekatika kwenu, wasikilizaji, na redio inakula betri, punguzeni sauti kidogo, nitazungumza taratibu. Leo sina bei ya shaba, wala sitaeleza kwa nini timu yetu ya Mazembe ilicheza vile. Leo naanza na ufagio.

Juzijuzi nililala siku kadhaa kwa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, kule Kasungami, hapa Lubumbashi. Yaya huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa hiyo hata leo, na mvi zangu hizi, nikifika kwake nafanywa mtoto: kula, lala, amka. Asubuhi moja nikaamka saa kumi na mbili, jua halijatoka. Kipwa, yaani kiangazi, kiko ukingoni, baridi ya Juni na Julai imekwisha kuvunjika, lakini alfajiri bado inauma masikio. Nikashika kikombe changu cha chai, nikafungua mlango nitoke uani, nikazuiwa.

“Mjomba, usishuke kwanza.”

Aliyenizuia ni mpwa wangu, binti wa miaka 15, kajifunga kitenge cha mama yake juu ya sweta, ufagio wa nyasi mkononi. Alikuwa anafagia kinyumenyume, kama mtu anayeagana na chifu. Nikamwuliza mbona anarudi nyuma.

“Nisiikanyage.”

Asikanyage nini? Nikasogeza macho. Kila pigo la ufagio lilikuwa limeacha upinde mmoja kwenye udongo mwekundu, na kila upinde umelalia ule wa chini yake, kama magamba ya samaki. Magamba yale yalianzia kwenye geti, yakaja safu kwa safu mpaka kwenye mwembe. Penye mwembe yakaacha kwenda moja kwa moja, yakazunguka shina, mduara nje ya mduara, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Kutoka hapo yakapinda kuelekea kisimani, yakawa membamba, maana hapo alikuwa amegeuza ufagio akatumia ncha tu. Lupango zima lilikuwa limechorwa. Nikabaki mlangoni na kikombe changu, naogopa kushusha mguu.

Saa moja kasorobo kuku wakafunguliwa. Nyuma ya kuku wakaja wadogo zake wawili wakifukuzana, nyuma yao jirani aliyekuja kuomba moto. Saa moja kamili hapakuwa na gamba hata moja. Binti hata hakutazama. Alikuwa ameshainamia mbabula, jiko la makaa, anapuliza. Mama yake ndiye aliyenitazama mimi, akatikisa kichwa: “Umeona? Lupango moja, saa nzima! Wenzake wanamaliza kwa dakika kumi.”

Nilisema lupango. Wenzetu wa mashariki wanaotusikia wangesema kiwanja, au ua, au boma, na mimi sioni neno lolote kati ya hayo linalotosha. Lupango ni ardhi, na nyumba iliyo juu yake, na watu waliomo, na ugomvi wao, vyote kwa pamoja. La yaya yangu lina nyumba ya matofali ya kuchoma isiyopigwa lipu, jiko la nje lenye bati nne, kisima cha kamba na ndoo, banda la kuku, miembe miwili, mparachichi mmoja, na nyuma kabisa kichuguu. Mgeni wa mji huu akiona vichuguu vyetu hudhani ni vilima vidogo, kwa sababu vingine vinapita kimo cha nyumba. Mwaka yaya aliponunua, fundi alitaka kukivunja kile apate udongo wa matofali, kama wanavyofanya wote. Akavunja nusu. Nusu iliyobaki ndiyo shamba la mahindi wakati wa mvua, na wakati wa kipwa ndiyo kiti cha binti. Anapanda pale juu na kulitazama lupango kutoka juu, kama ndege.

Mle ndani wanaishi watu kumi na mmoja. Mkubwa wao ni kambo, yaani bibi. (Ndugu zangu wa pwani msishtuke. Sisi wa Katanga tukisema kambo hatumaanishi mama wa kambo. Ni bibi mzaa baba au mzaa mama, na tunampenda.) Kambo huyu ni mama mkwe wa yaya yangu. Mume wa kambo alikuwa mtu wa kampuni ya madini ya Gécamines, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka mwaka 2003 kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari ya nani, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu mwaka ule, katika nyumba nyingi za mji huu, mshahara ulitoka kiwandani ukahamia lupangoni. Uani ndipo panapopatikana kula. Yaya yangu anauza makala, yaani makaa, getini kwa mafungu madogo, na vitumbua asubuhi. Binti anasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yake yote ni mali ya lupango: maji, moto, vitumbua, vyombo, mdogo wake wa mwisho mgongoni, halafu sombe.

Sombe ndiyo inayonipa kazi ya kueleza. Mnajua wenyewe: majani ya muhogo hayana haraka. Unatwanga mpaka mkono uchoke, halafu unatwanga tena. Binti huyu anatwanga na mdogo wake wa miaka tisa, michi miwili kwenye kinu kimoja, na ukisikiliza kwa mbali unasikia kwamba hawatwangi ovyo. Mmoja unaanguka, wa pili unajibu, halafu kuna pigo moja linalorukwa, na badala yake wote wawili wanagonga ukingo wa kinu. Nilihesabu, linakuja kila baada ya mapigo saba. Nikamwuliza nani kawafundisha. Akasema hakuna, ila bila hilo pigo mdogo wake anachoka na kukimbia.

Lakini kazi yake hasa ni kuchora. Anachora kwa makala. Na hapa yaya yangu na binti yake wamegawana elimu moja bila kujua: mama anajua makala yapi yanapika, binti anajua makala yapi yanachora. Kipande cha mti mgumu, kile kinacholia kama kigae ukikigonga, kinatoa mstari mwembamba wa kijivu, nao haukatiki. Kipande laini, kinachomegeka, ambacho mteja anakirudisha akilalamika kwamba ni vumbi tupu, ndicho chenye weusi wa usiku. Kwa hiyo kila gunia jipya likifunguliwa getini, binti anachambua kabla ya wateja. Vipande vyake viko kwenye kopo la maziwa nyuma ya banda la kuku. Kahawia anaitoa kwenye udongo wa kichuguu, anaukoroga na maji na kuchuja kwa kitambaa. Nyeupe ni chokaa. Kijani alijaribu kukamua majani ya sombe. Kilikaa siku mbili kikawa rangi ya chai. “Sombe inadanganya,” akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyemaliza utafiti.

Karatasi ndiyo shida. Daftari la shule lina mistari, na mama anahesabu kurasa. Magunia ya unga ya siku hizi ni ya plastiki, makala hayashiki. Mifuko ya saruji ukiipasua ndani ni mizuri, lakini ni lazima jirani awe anajenga. Basi siku moja kambo alifungua sanduku lake akatoa gunia la unga la zamani, la pamba, la enzi za poso za kampuni. Alikuwa amelifumua miaka mingi iliyopita na kufungia shuka zake nzuri. Akampa binti. Sijui alilipima vipi jambo hilo kichwani mwake. Nilipomwuliza alisema tu kwamba shuka haziendi popote.

Wenye kumbukumbu watanielewa nikisema kwamba gunia la unga si kitu kidogo katika mji huu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alipaka rangi juu ya magunia ya namna hiyohiyo, akianza kwa kuyapiga rangi nyeupe ili yazibe. Alikuwa akiuza picha zake mlango kwa mlango. Siku moja mlango uliofunguka ulikuwa wa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu, na katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba akamletea historia ya nchi nzima, picha 101, akimweleza moja moja kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili chetu hiki, wasikilizaji, hiki tunachoambiwa kimeharibika. Kitabu chenye picha hizo na maneno hayo kilitoka mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alikwisha kupotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hajulikani alikokwenda.

Binti hajui hata jina hilo. Alichojua ni kwamba gunia lilikunywa makala. Ukichora, nyuzi zinameza. Akachukua unga wa muhogo, akapika uji mwepesi kama wa mgonjwa, akalipaka gunia pande zote mbili, akalianika juani likakauka, likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Hapo ndipo mstari ulipokaa. Wiki tatu, dakika kumi leo, robo saa kesho kutwa, alipanda kichuguu, akatazama, akashuka, akachora. Alikuwa anachora lupango lenyewe, vile linavyoonekana kutoka juu: bati za jiko na mawe yaliyozishikilia, kisima kama jicho, kambo kwenye kiti chake akionekana kitambaa cha kichwa na magoti tu, wateja getini. Na chini kote, magamba ya ufagio. Mimi nililiona mara moja, likiwa nusu. Upande wa kulia ulikuwa bado mtupu.

Sasa sikilizeni kilichotokea, ni kidogo, hakuna aliyekufa.

Siku ya Alhamisi binti alikuwa shuleni. Gunia lilikuwa limelazwa nyuma ya banda la kuku, uso chini, ili jua lisilipige. Akaja mama mmoja kununua makala ya kutosha wiki nzima, hakuja na kitu cha kubebea. Yaya alikuwa sokoni, katika mtaa wetu wa Kenya. Kaka mkubwa wa binti, kijana mwenye adabu, akatafuta, akaona gunia liko chini, akalizungusha, akajaza, akalifunga kwa kamba. Akapokea hela, akaziweka kwenye kopo la mama. Kazi nzuri.

Binti alirudi saa kumi na moja na nusu, akaenda nyuma ya banda, akarudi. Akauliza mara moja tu. Kisha akatoka na sare yake ya shule, akatembea barabara tatu, akabisha hodi. Yule mama alimrudishia bila shida, hata akaomba msamaha kwa jambo asilolijua. Makala yalikuwa yamekwisha kumwagwa. Gunia likafunguliwa uani kwa watu, na hapakuwa na lupango, hapakuwa na kisima wala kambo. Palikuwa na weusi mtupu, kutoka pembe hadi pembe. Makala yalikuwa yameyala makala.

Kaka yake alisema: “Mimi nilidhani ni gunia.”

Nimeyageuza maneno hayo kichwani wiki nzima. Maana kijana yule alikuwa na haki. Lilikuwa gunia! Katika lupango hakuna kitu kinachokaa bure. Kopo tupu ni kipimo cha unga, kiatu kilichokatika ni bawaba ya mlango wa kuku, waya ni kamba ya nguo mpaka mtoto wa kiume auchukue atengeneze motokaa ya waya, na hapo baba atautaka tena. Tunaishi hivyo na ndivyo tulivyopona. Mama anayejua kukitumia kila kitu ndiye aliyetulea katika miaka mibaya. Ila macho hayohayo yanayoona matumizi katika kila kitu, yakikutana na kitu ambacho hakijaisha, yanaona malighafi. Sufuria ikikamilika ina mwenyewe. Picha iliyo nusu ni ya yeyote mwenye haja ya gunia.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema kwenye mikutano kwamba vijana wetu wenye vipaji wanakosa vifaa, naguna. Huyu vifaa alijitengenezea, mpaka gundi ya muhogo. Wengine wanasema wanakosa wa kuwatia moyo. Kambo alimtia moyo wa pamba safi. Alichokosa ni mahali pa kuacha kazi ambayo haijaisha, aende shuleni, arudi aikute.

Nirudi nyuma kidogo, mpaka mwaka 1946. Mji bado unaitwa Élisabethville. Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, anafungua karakana ya uchoraji hapa hapa kwetu, na watu wanaiita Le Hangar, banda tu. Waliopita pale tunawajua hadi leo. Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, kila unyoya una nukta zake. Mwenze Kibwanga aliyejenga miili ya watu kwa mistari mifupi iliyosimama kama mvua. Bela, aliyeacha brashi akapaka rangi kwa ncha za vidole. Kuna mengi ya kumlaumu yule bwana, alikuwa mtu wa enzi zake, alikuwa na ndoto zake kuhusu Mwafrika safi asiyeguswa, na mimi si wakili wake. Lakini tazameni alichowapa. Hakuwapa masomo ya kunakili picha za Ulaya, hilo hakulitaka kabisa. Aliwapa paa, rangi na karatasi. Na asubuhi ya pili waliikuta karatasi ilipokuwa. Alipokufa mwaka 1954 tayari palikuwa na shule ya sanaa mjini, ile aliyoianzisha Laurent Moonens mwaka 1951, na wachoraji wa Hangar wakahamia huko.

Hangar, wasikilizaji. Banda. Halafu sisi tunamwambia mtoto angoje mpaka serikali ijenge kituo cha utamaduni.

Kuna sanaa zisizohitaji kulala mahali. Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, gitaa zima lilikuwa kwenye kidole gumba na kidole cha shahada. Wimbo ukikatizwa na kazi unabaki kichwani. Akina Mufwankolo, waliotuchekesha redioni na kwenye televisheni miaka mingi, hawakuwa wakiandika mchezo: walikaa, wakajadili jambo, wakagawana nafasi, wakaigiza. Hao wangeweza kuishi katika lupango lolote. Na pigo la saba la kinu cha binti nalo linaishi, hakuna atakayelifungia makala. Lakini anayechora, anayeshona, anayefinyanga, anayeunda redio kutoka kwenye redio tatu zilizokufa, huyo anahitaji kitu kikae pale kilipo, kisiguswe.

Nimetaja majina mangapi ya wasanii wetu? Tshibumba, Pilipili, Mwenze, Bela, Mwenda, Mufwankolo. Niongeze Sammy Baloji, mtoto wa mji huu wa 1978, ambaye picha zake za viwanda vyetu vilivyozimika zimezunguka dunia, na aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Picha mwaka 2008, wale wanaotuletea Biennale ya Lubumbashi. Wote saba wanaume. Sikupanga iwe hivyo, nimeyataja yalivyonijia, na huo ndio ushahidi wangu. Mwaka 1946 wasichana wa mji huu walikuwa wapi saa za asubuhi? Kwenye kinu. Kaka wa mpwa wangu akikaa chini ya mwembe na simu yake, baba anapita kimya. Dada yake akikaa chini ya mwembe huohuo na kipande cha makala, sauti tatu zinamwita kabla hajachora jicho. Nami nikiri, moja ya sauti hizo ilikuwa yangu. Niliomba maji ya kuoga.

Baada ya gunia lile nilitaka kuwa mjomba mwema. Nikamwambia binti nitamnunulia karatasi nzuri, na rangi za dukani, mjini. Akanishukuru, ana adabu. Halafu akasema anaomba kitu kingine. Nikajua sasa ni simu. Akasema anaomba msumari.

Mtaelewa msumari huo nikiwaambia habari za chumba cha kambo. Kambo aliolewa akaingia nyumba ya kambi ya kampuni, zile nyumba za safu, zilizofanana kama matofali. Ukuta ule ulikuwa wa kampuni, na ukuta wa kampuni hauguswi: huchori, hupigilii. Ukaguzi ukipita, ikaonekana ukuta una doa, mume anaulizwa kazini. Nadhani hofu hiyo tuliirithi, ndiyo maana hadi leo mtoto akigusa ukuta kwa makala tunashika fimbo kabla ya kutazama alichora nini. Kambo alipohamia Kasungami, jambo la kwanza alilofanya katika chumba chake, kwa mkono wake, kwa jiwe, ni kupigilia msumari ukutani. Akaninginiza mkoba wa marehemu mumewe, na ndani yake karatasi za kazi. Ndani ya lupango lile lenye watu kumi na mmoja, mkoba ule haujaguswa na mtu. Mtoto anayetambaa anaujua. Hata paka anaujua. Hakuna kufuli, kuna msumari tu, na kila mtu anajua ni wa nani.

Binti alikuwa ameliona hilo miaka yote akilala na bibi yake. Akaomba wa pili, pembeni ya ule.

Yaya yangu alipinga. Alikuwa na hoja, na mkono wake ulikuwa na unga mpaka kiwikoni wakati akizitoa. Kila mtoto akipewa msumari wake, ukuta utabaki? Mwaka wa mtihani wa taifa unakuja, diploma haichorwi. Na kazi za nyumbani nani atafanya, wewe mjomba wa redioni? Sikumjibu vizuri. Nilisema tu kwamba anauza makala, na kwamba binti yake ndiye mtu pekee katika barabara ile anayejua kila kipande kilitoka kwenye mti gani. Akanyamaza kidogo, akasema mti unamfaa nini aliyeukata. Mpaka sasa sijapata jibu la hilo.

Aliyemaliza maneno ni kambo. Hakutoa hotuba. Alisema chumba ni chake. Kaka ndiye aliyepigilia, yuleyule wa gunia, na aliupigilia juu sana, mahali ambapo hata yeye inabidi anyooshe mkono. Binti inabidi apande kwenye sanduku la bibi. Kaka akasema makusudi, wadogo wasifikie. Akaupiga mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

Jumapili, kabla sijaondoka, niliingia chumbani kumuaga kambo. Alikuwa kitandani, miguu imefunikwa kwa zile shuka nzuri. Juu ya kichwa chake mkoba wa mzee, na kando yake, kwenye msumari mpya, kitu kimefungwa ndani ya kitenge kilichochakaa na kuzungushiwa kamba ya makala. Pembe moja ilikuwa imejitokeza. Ilikuwa nyeusi. Lilikuwa lilelile gunia, lililolambwa na makala ya mteja, na katikati ya ule weusi nikaona mstari mweupe, mwembamba, uliopinda. Alikuwa anakwangua weusi kwa chokaa, au kwa msumari, au kwa kitu gani, sijui. Ulikuwa upinde mmoja, na chini yake wa pili.

Nikanyoosha mkono.

“Haijaisha, mjomba,” sauti ikasema mlangoni. Ndoo kichwani, mdogo wake mgongoni. “Usifungue.”

Sikufungua.